Mita Moja ya Kesho

Kwenye ukingo wa meza ya mashine, upande wa dirishani, kulikuwa na mstari mfupi wa penseli, na kando yake neno HAPA kwa herufi zilizolalia kushoto. Aliyeuchora ni fundi aliyeijenga mashine ile. Kabla ya kukata chochote aliisogeza ncha ya kisu mpaka isimame juu ya mstari, akaiambia kompyuta kwamba hapo ndipo sifuri. Kazi ilipokwisha aliiamuru irudi, kisha akainama kutazama. Ncha ikisimama juu ya mstari, alisema "sawa" na kwenda kutafuta chai. Nilifanya naye kazi karibu miaka miwili na sikumbuki ila siku moja ambayo hakwenda kutafuta chai. Hata Ramadhani, aliyoifunga kwa ajili ya marehemu baba yake, alikwenda akarudi nayo kikombeni na kunipa mimi.

Jumatatu moja, miezi mitano baada ya yeye kwenda kwao kaskazini kumuuguza mama yake, niliinama nikaona ncha imeupita mstari kwa urefu wa punje ya mchele.

Karakana yetu ilikuwa Namuwongo, Kampala, upande wa chini karibu na reli, ambako mvua kubwa ikinyesha maji huingia bila kubisha. Tulikuwa wanne: mama mwenye karakana, Mkenya kama mimi, aliyesali kanisa moja na mama yangu zamani na akanipokea nilipomaliza chuo na kukosa kazi Nairobi; mzee seremala, Mganda; fundi; na mimi. Fundi alipoondoka tukabaki watatu na mashine.

Mashine haikuwa ya dukani. Aliijenga mwenyewe kwa vyuma vya mitaani, mikanda, reli mbili ndefu na mota tatu za zile zinazozunguka hatua moja moja. Mota kama hizo hazina macho. Kontrola, yaani kisanduku kilichounganishwa na kompyuta, hutuma mapigo ya umeme kwa draiva, kifaa cha kuendesha mota, na kwa kila pigo draiva huisukuma mota hatua moja. Waya mwingine huiambia draiva iende mbele au irudi nyuma. Basi. Mashine inajua ilipo kwa kuhesabu tu, kama mtu anayetembea chumbani amefumba macho. Hatua moja ikipotea, hakuna wa kuiambia. Itaendelea kuhesabu kwa uaminifu, na itakuwa mahali pengine.

Siku ile tulikuwa tukijaribu mchoro wa milango ya kanisa dogo la Ggaba: mabawa mawili ya mbao ya mvule, yenye mistari inayokatana kama wavu na inayotakiwa kukutana katikati mlango unapofungwa. Kwa bahati nzuri tulijaribu kwanza kwenye mbao za bei rahisi. Mzee seremala aliyasimamisha mabawa mawili bega kwa bega, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa.

"Bannange," akashangaa kwa Kiganda. "Injinia, mashini yako nakunywa nini?"

"Haijanywa kitu, mzee."

"Narewa, nnyabo," akasema, akiniita bibie kwa lugha yake. "Tazama. Huyu naenda kanisani, huyu natoka baa ya Kansanga."

Mama mwenye karakana alikuja akifuta mikono. Alipitisha kidole mahali ambapo mistari ilipaswa kukutana. Kidole kikaruka.

"Hii ni kazi ya huyo askari wako," akaniambia.

Fundi hakuwa askari. Baba yake ndiye alikuwa wa simu jeshini, katika jeshi lile la kabla ya vita vya themanini na sita, na yeye alizaliwa kambini. Lakini kwa mama kila aliyetoka kambini alikuwa askari, hata paka.

"Mwanangu," akaendelea, "mimi nilitaka mashine, sikutaka mgonjwa. Ijumaa kuna mtu wa Katwe, mnunuzi wa mashine, anakuja kuiona. Akikuta inakata vizuri, atakunywa soda arudi kwao. Akikuta iko hivi, ataondoka nayo, na milango ataichonga mzee kwa mkono."

"Nachonga," akasema mzee kwa furaha. "Rakini mgongo utasema."

Nilikuwa nafikiria siku ambayo fundi aliondoka, alivyosimama mlangoni na mfuko wake wa turubai na kusema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mimi narudi kwa mashine yangu." Maneno matano hayo nilikuwa nimeyageuza kichwani kwa miezi mitano. Hakusema "narudi Kampala". Hakusema "narudi kwenu", wala neno jingine ambalo, nikiwa mkweli, ndilo nililolisubiri. Alisema mashine. Sasa kama mashine ingeondoka Ijumaa juu ya lori la mtu wa Katwe, hata ahadi hiyo ndogo isingekuwa na mahali pa kurudi.

Naona ni lazima niseme jinsi tulivyoagana, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Nilipofika karakana ile nilikuwa na shahada mpya na daftari jipya, na niliogopa kila kitu. Niliogopa kugusa waya kabla ya kusoma juu yake mara tatu. Fundi hakuwahi kukanyaga chuo. Alijifunza kwa baba yake, kwa koili moja ya waya wa simu ya vitani ambayo mzee yule alibaki nayo jeshi lao liliposambaratika. Aliniita injinia, nami nikamwita afande, na kila mmoja alijua anataniwa.

Alikuwa na desturi zake. Kila kebo aliyoifunga aliiachia mita moja ya ziada, akaikunja duara na kuifunga kwa kamba ya mpira wa baiskeli. Nilipomuuliza ni ya nini, akasema, "Ya kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho kuna mtu. Atakuja kufungua hapa, atataka kukata ncha mbovu afunge upya. Kama hakuna ya kesho, huyo mtu analia."

Nilimweleza kwamba kebo ndefu bila sababu hukusanya kelele za umeme, na vitabu vinasema iwe fupi iwezekanavyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine. Kisha akaendelea kukunja.

Jumapili tulikwenda Ggaba kula samaki. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya vibanda vya kukaangia, migongo yetu ikipata joto la makaa. Yeye alikula kichwa, mimi mkia, na katikati tuligawana bila kuongea. Mifupa aliipanga ukingoni mwa sahani kutoka mdogo hadi mkubwa. Mara moja aliniambia kwamba baba yake alipanga hivyo hivyo, na kwamba mama yake akiiona sahani ya mwanawe hunyamaza kwa muda. Nilitaka kusema kitu cha kufaa. Nilifikiria sana kitu hicho, na nilipokipata tulikuwa tumeshanawa mikono.

Basi siku alipoleta habari kwamba mama yake anaumwa na anaondoka, niliona kama ananifanyia kusudi. Aliniambia, "Utabaki na mashine. Wewe unaweza." Mimi nikamjibu: "Nibaki na nini? Hizi ni nyaya za mtu asiyesoma. Ukiondoka itabidi nifunge zote upya." Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa." Halafu hakwenda kutafuta chai. Alikwenda kuchukua mfuko wake.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, maji yakaingia. Draiva mbili zilikuwa juu, kando ya kontrola, lakini ya tatu, inayosukuma mkono mrefu wa mashine, fundi alikuwa ameiweka kwenye kisanduku chake chini kabisa, upande wa pili wa meza. Maji yalisimama vidole viwili kutoka hapo. Mama akasema kisanduku kile kipandishwe ukutani karibu na wenzake, nikakipandisha. Na kwa kuwa sasa kebo kati ya kontrola na draiva ilikuwa ndefu mno, nilichukua koleo nikaikata. Nilikata urefu usiohitajika na nilikata pia mita ya kesho, pamoja na duara lake na mpira wake wa baiskeli. Haikuwa lazima. Nakumbuka sauti ya koleo, na nakumbuka nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika moja.

Kisha nikafunga ncha mpya kwenye draiva kwa mtindo wa kitabu. Mashine ilipowashwa, mkono mrefu ulikwenda kinyume: nikiuamuru uje, unakwenda. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, nikakuta kisanduku cha kugeuza mwelekeo, nikatia tiki. Ukaja. Nilijiona mjuzi.

Miezi mitano tulikata mabango na vibao vya milango ya ofisi. Ikitokea herufi imepinda kidogo, mzee aliisugua kwa msasa na kusema mbao imenyonya maji. Milango ya Ggaba ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza yenye maelfu ya kona.

Jumatatu ile mchana nilifungua daftari na kuandika kila kitu kinachoweza kuifanya mashine ipoteze hesabu. Nilijaza kurasa mbili. Mikanda iliyolegea. Skrubu ya gurudumu la mota. Kasi kubwa mno. Umeme mdogo wa draiva. Joto. Kelele kutoka kwenye mota ya kisu. Kinga ya foili ya kebo, kama imefungwa ardhini upande mmoja au pande mbili. Niliandika hata unyevu wa hewa, nikaufuta, nikauandika tena.

Jumanne nilikaza mikanda na skrubu. Ncha iliupita mstari kama jana. Nikapunguza kasi kwa nusu. Pale pale. Nikapunguza tena, hata mzee akauliza kama mashine inasali. Pale pale. Hilo lilipaswa kuniambia kitu. Mota inayoshindwa kwa sababu ya haraka hupona ikienda polepole, na hii haikujali. Lakini mimi niliogopa kwamba pengine nilipima vibaya, nikapima upya mara nne, jioni ikafika.

Jumatano nilizima mota ya kisu kabisa, nikaiacha mashine ichore hewani. Bila kelele ya kisu, punje ya mchele ilikuwa ile ile. Nilifungua kinga ya foili upande wa draiva, nikaifunga upande wa kontrola peke yake, kama inavyotakiwa. Ile ile. Nikabadilisha draiva ya mkono mrefu na ya mkono mfupi, ili nione kama ugonjwa utahama na draiva. Haukuhama. Ulibaki kwenye kebo ile ile, mkono ule ule, na kila mara ncha iliteleza upande mmoja, kuelekea dirishani, haikukosea hata siku moja kwenda upande wa pili.

Yote hayo niliyaandika. Nikilisoma daftari lile leo, naona jibu lilikuwa limekaa hapo kwenye mistari yangu mwenyewe. Lakini kila nilipoikaribia kebo, mkono wangu uliiruka. Nilipima kila kitu chumbani isipokuwa mahali nilipoweka koleo.

"Mpigie," mama aliniambia Jumatano jioni, akifunga mlango. "Yeye ndiye aliyeharibu, yeye atengeneze."

"Ana mgonjwa, mama."

"Mgonjwa haumwi masikio. Mpigie."

Nilikwenda chumbani kwangu Kansanga nikaandika kwenye daftari nitakavyoanza. Nikaandika salamu tatu tofauti. Ya kwanza ilikuwa ya furaha mno kwa mtu ambaye mama yake anaumwa. Ya pili ilikuwa ya msiba. Ya tatu ilikuwa na msamaha ndani yake, na msamaha huo ulikuwa mrefu kuliko salamu.

Alhamisi asubuhi nikapiga nikiwa nimesimama mbele ya mashine. Ilipokelewa haraka, na salamu zote tatu zikanitoka akilini.

"Injinia," akasema, kama vile tuliagana jana.

"Afande."

"Mashine naumwa?"

"Umejuaje?"

"Wewe hapana piga simu kusalimia mtu."

Ilikuwa kweli na ilikuwa utani, na sikujua nianze na ipi. Nikamuuliza hali ya mama. Akasema yupo, leo amekula uji, jana alikataa. Nyuma ya sauti yake nilisikia kuku, na kitu kinachotwangwa, taratibu, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nilijaribu kuuona ua ule. Nilitaka anieleze: kuna nini mkono wake wa kushoto, ameketi juu ya nini, kama bado anapanga mifupa. Badala yake nikasema:

"Mkono mrefu unapoteza hesabu."

"Inapoteza ikienda, ama inapoteza ikigeuka?"

Kurasa mbili za daftari, siku tatu, na swali hilo sikuwa nimejiuliza.

"Sijui," nikasema.

"Jaribu. Mimi niko. Hapana kata simu."

Niliiweka simu juu ya meza, sauti imefunguliwa. Nikaweka ncha juu ya mstari. Kwanza nikaiamuru iende urefu wote wa meza na kurudi, mara tano tu: mwendo mrefu, kona chache. Ilirudi ikasimama juu ya mstari kana kwamba haijawahi kuugua. Kisha nikaiamuru iende upana wa kiganja na kurudi, upana wa kiganja na kurudi, mara mia mbili. Muda wote huo sikusema neno, wala yeye hakusema. Nilisikia mtwangio kwao, na yeye, naamini, alisikia mota kwetu. Mara moja mwanamke alikohoa, yeye akaongea naye kwa lugha yao, sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akarudi kunyamaza pamoja nami. Kama mara mia mbili zingekuwa elfu mbili, nisingelalamika.

Mashine ikasimama. Nikainama.

"Ikigeuka," nikasema.

"Ah. Basi hapana kelele, hapana mkanda. Hiyo ni pigo na mwelekeo nagongana mlangoni." Kisha akauliza, "Wewe ulikata kebo yangu?"

Mzee seremala alikuwa ameacha kuranda. Mama alikuwa mlangoni na funguo zake.

"Nilikata," nikasema. "Ilikuwa ndefu."

"Na ya kesho?"

"Na ya kesho."

Akauliza, "Nyeupe ulifunga wapi?"

Kebo ile ilikuwa ya mtandao, ya nyaya zilizosokotwa mbili mbili: wa rangi, na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Jozi moja ilibeba mapigo, jozi nyingine mwelekeo. Katika kila jozi, mmoja ni chanya na mwingine hasi. Tulivyozoea chuoni, wa rangi ni chanya, mweupe ni hasi. Nilifunga hivyo upande wa draiva bila hata kufikiria, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Hasi," nikasema.

"Ee. Mimi naweka nyeupe mbele, kwa chanya. Kontrola bado iko ya mkono wangu, draiva iko ya mkono wako."

"Kwa nini mweupe mbele, afande? Nani anafanya hivyo?"

"Watu wa simu. Baba alisema, ukiwa shimoni na hakuna taa, vidole havijui rangi. Macho nakuta nyeupe kwanza. Basi nyeupe inakwenda mbele, kila siku, hata mchana. Ile siku ya kwanza mkono haikwenda kinyume?"

"Ulikwenda."

"Ukafanya nini?"

"Niligeuza kwenye kompyuta."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mama yake akauliza kitu kwa mbali, naye akamjibu huku akicheka bado.

"Injinia! Mtu anakuambia nimepotea, wewe nageuza ramani."

Alikuwa sahihi. Tiki yangu ilirekebisha jozi ya mwelekeo, ikaiacha jozi ya mapigo kichwa chini. Kontrola ilitangaza mwelekeo kwanza, ikasubiri kidogo, ndipo ikapiga. Lakini draiva, kwa kuwa nyaya zilikuwa zimepinduliwa, ilihesabu mwisho wa pigo badala ya mwanzo wake. Kwa hiyo mkono ulipotoka kwenye kwenda na kuanza kurudi, hatua ya mwisho ya kwenda ilihesabiwa kuwa ya kwanza ya kurudi. Ulipogeuka kwa upande wa pili, muda ulitosha na hesabu ilikuwa salama. Kwa hiyo kosa halikujifuta. Kila kona ya kurudi iliongeza chini ya unene wa unywele, siku zote upande ule ule wa dirishani.

Nikamshukuru. Akasema sawa. Nilitaka kusema lile la nyaya za mtu asiyesoma. Lilikuwa tayari mdomoni, na msamaha wake mrefu nyuma yake, lakini mama na mzee walikuwa wakinitazama, na kule kwake mgonjwa alikuwa akiita. Akakata.

Nikageuka.

"Si yeye, mama," nikasema. "Ni mimi. Nilikata kebo yake nikaifunga vibaya, halafu nikalificha kosa kwenye kompyuta. Sikujua nalificha, lakini nililificha."

Mama alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kumtazama.

"Na siku zote hizi ninapomsema mwenzako, wewe umekaa tu hapo na daftari?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema. "Tengeneza. Mengine utaongea na Mungu, mimi nina mtu wa Katwe."

"Kumbe mlevi ni injinia," mzee akasema, akarudi kwenye randa yake, akitikisa kichwa. "Masikini mashini."

Kutengeneza kwenyewe kungeweza kuchukua dakika tano: kubadilisha nafasi za nyaya mbili mbili kwenye skrubu za draiva, kuondoa tiki. Nilifanya hivyo kwanza, nikajaribu mara mia mbili, ncha ikarudi juu ya mstari. Nikajaribu mara elfu moja, ikarudi. Kisha nikazima umeme nikafanya lisilohitajika. Nilitoa kebo yote niliyoikata, nikavuta mpya. Nikafunga nyeupe mbele kwenye draiva, nyeupe mbele kwenye kontrola, kisha nyeupe mbele kwenye zile draiva nyingine mbili, ambako afande alikuwa ameshazifunga hivyo, kwa kuzigusa tu na kuzikaza. Niliacha mita moja ya ziada. Nikaikunja duara. Sikuwa na mpira wa baiskeli, nikatoka hadi kwa fundi baiskeli kando ya reli kuomba kipande. Akaniuliza cha nini, nikasema cha kufungia kebo. Akaniuliza kwa nini nisitumie kamba. Nikamshukuru, nikaondoka nacho.

Ndani ya kifuniko cha kisanduku cha draiva nilibandika utepe wa karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: NYEUPE MBELE. YA KESHO USIKATE.

Ijumaa mtu wa Katwe alikuja na vijana wawili na kamba za kufungia mzigo. Wakati huo tulikuwa tumeshaweka mvule halisi mezani. Alisimama akiangalia mkono mrefu ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, vumbi la kahawia likirundikana kandokando ya mistari. Bawa la pili lilipomalizika, mzee aliyasimamisha yote mawili na kuyasukuma yakutane. Hakurudi nyuma hatua tatu. Alipitisha kucha katikati, kutoka juu hadi chini, na kucha haikuruka.

"Mama," mtu wa Katwe akasema, "hii huwezi kuniuzia."

"Kunywa soda," mama akamjibu.

Walipoondoka na kamba zao, niliiamuru mashine irudi sifuri. Ncha ilisimama juu ya mstari wa penseli, kando ya neno HAPA. Nikaipiga picha, kwa karibu, kiasi kwamba mstari ulionekana mnene kama reli. Nikaandika chini yake maneno mengi: kuhusu kebo, kuhusu mweupe, kuhusu siku ile ya mfuko wa turubai. Nikayasoma. Nikayafuta yote, nikaandika "Samahani" peke yake, nikatuma kabla sijaanza kulifikiria.

Nilikaa na simu mkononi mpaka mzee akauliza kama nataga. Jibu lilikuja wakati wa kufagia.

"Sawa," aliandika.

Nililisoma mara nyingi. Nililitafutia hasira nikakosa, nikalitafutia jambo jingine nikakosa pia. Baadaye kidogo nikamwona, si kwa picha, kwa akili tu: anaiweka simu chini, anainuka kutoka pale alipokuwa ameketi, anauliza kama kuna chai.

Msimu ule hakurudi, wala uliofuata. Mama yake yupo, siku nyingine anakula, siku nyingine anakataa. Mashine bado iko Namuwongo. Mvua imeingia mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili nilikwenda kwanza kutazama ukutani kama lile duara la kebo limepata maji. Halijawahi kupata. Mpira umeanza kukauka, nitaubadilisha.